Koti Kwenye Mkono wa Kabati

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa nilimdanganya mama yangu kuhusu kabati la umeme. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mama. Niliamini kwamba akijua hasa jinsi mwanawe wa kwanza alivyokufa, hatapona, na nitamzika yeye pia. Mimi nilikuwa nimechoka kuzika.

Kabati lenyewe bado lipo. Limesimama ndani ya chumba kidogo cha matofali, ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga huko Bugarama, kwenye tambarare ya joto ambako mtu hutoka jasho hata akiwa amekaa tu. Ni la chuma, rangi ya kijivu, limenizidi kimo, na mimi ndiye mlinzi wake. Nawasha, nazima, nafukuza panya, nafagia vumbi la pumba ambalo halijawahi kuisha. Watu wakisikia kwamba ninafanya kazi ya umeme, mimi mwanamke, hutazama kwanza mikono yangu, nadhani wanatafuta makovu. Hawayapati, na nawaacha waendelee kutafuta.

Kazi hii nilifundishwa na kaka yangu mkubwa. Sisi tulizaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpaka, na kule mkubwa wako unamwita yaya, awe mwanamume awe mwanamke. Msomaji wa pwani asije akadhani nazungumza habari za mlezi wa watoto. Yaya alikuwa mtu wa mita moja na tisini, mwenye ndevu, na mwenye maneno. Bukavu walituambia turudi kwetu. Tuliporudi, watu wa Kamembe, mji wa upande huu, wakasikia Kinyarwanda chetu kilichojaa Kiswahili na Kifaransa, wakatuuliza tumetoka wapi. Yaya alicheka. Mimi nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Nyumbani Bukavu umeme, kuraa kama tulivyouita, ulikuwa mgeni asiye na adabu. Ulikuja bila hodi na kuondoka bila kuaga. Kila nyumba ilikuwa na fyuzi ukutani, na kila baba wa nyumba alijua kuifufua ikifa: unachomoa uzi wa shaba kwenye waya mzee wa redio, unausokota, unaufunga pale fyuzi ilipokuwa, basi, taa zinawaka na watoto wanapiga makofi. Hivyo ndivyo alivyofanya jirani yetu. Jikoni kwake kukaungua, na ukuta tuliochangia ukawa mweusi upande wetu pia. Yaya alikuwa bado anasoma shule ya msingi. Alikwenda kuchokora majivu akaupata ule uzi wa shaba, mzima kabisa, haujapata hata kovu.

"Nyumba imekufa na huu umepona," aliniambia. Alikuwa amekasirika kweli, machozi yanamlenga. Baadaye alipojifunza ufundi alinieleza kilichomkasirisha. Fyuzi imetengenezwa iwe ya kwanza kufa. Ndani yake mna uzi mwembamba kwa makusudi, na umeme ukizidi kipimo, uzi ule unayeyuka na kukata njia kabla nyaya zilizo ndani ya kuta hazijapata joto. Ukiweka shaba nene mahali pake, umemwondoa mlinzi na kumwambia mwizi apite.

Kwenye kabati letu hakuna fyuzi za kufunga uzi. Kuna vyuma vinavyoitwa disjonkteri, kila mashine na chake, na kimoja kikubwa juu ya vyote. Disjonkteri ni fyuzi isiyokufa. Umeme ukizidi, inaruka yenyewe, tap! na mkono wake unashuka. Unatafuta kosa liko wapi, unalirekebisha, halafu unaupandisha tena. Yaya alinifundisha kuitambua kwa sauti. Ikiruka polepole, baada ya mashine kunguruma kwa shida, basi mota imelemewa, labda wakulima wamejaza mpunga kupita kiasi. Ikiruka papo hapo, kabla hujaondoa mkono, mahali fulani nyaya mbili zimegusana, na ole wako ukijaribu kuipandisha mara ya pili bila kutafuta. Alinizoesha kusimama pembeni ninapopandisha mkono, uso nimeugeuzia ukutani, kwa sababu chuma kikipasuka hupasukia mbele. Akaanza kuniita Madamu Disjonkteri mbele ya wakulima. Jina likanishika, na wazee wa Kiislamu wanaoleta mpunga siku za Jumamosi bado wananiita hivyo.

Sasa nieleze habari ya koti.

Kwenye mkono wa kila disjonkteri kuna matundu matatu madogo. Waliolitengeneza kabati waliyatoboa ili mtu akienda kufanya kazi kwenye mashine, azime, apitishe kufuli, afunge, na atie ufunguo mfukoni mwake. Hakuna mwingine anayeweza kuwasha mpaka yeye atoke. Kufuli lilikuja na kabati, zuri, jekundu, na tulilitumia msimu mmoja. Halafu wezi wakavunja ghala la mchele, na mkubwa wa ushirika wa wakulima, wenye mashine, akaliona kufuli letu, akalichukua, akalifunga kwenye mlango wa ghala. Alisema ataleta jingine. Mimi nilinung'unika wiki nzima. Yaya akasema tusipigane na mtu kwa ajili ya kufuli, akavua koti lake la kazi, akapitisha kitanzi cha shingoni kwenye tundu la mkono wa kabati, likaning'inia pale.

"Kila mtu analijua koti langu," alisema. "Likiwa hapa, niko ndani."

Na kweli kila mtu alilijua. Lilikuwa koti la bluu, kiwiko kimoja kimeshonewa kiraka cha turubai, na mgongoni limejaa mafuta ya mashine. Ikawa desturi ya mashine yetu: mkono uko chini na koti lipo, usiguse hata kama anayekuamuru ni mkuu wa wilaya. Mkono uko chini na koti halipo, hakuna mtu ndani. Desturi ile ilitulinda misimu mitano bila kosa, na misimu mitano ni mingi. Mtu anaanza kuamini kitambaa kama chuma.

Kulikuwa na kosa jingine, na hili silifichi kwa sababu ni la yaya. Disjonkteri hailindi mtu. Inalinda waya. Umeme wa kumwua mtu ni mdogo mno, chuma kile kikubwa hakiuoni, kwake ni kama nzi ametua. Anayemlinda mtu ni kifaa kingine, kidogo, kinachopima umeme unaokwenda kwenye mashine na ule unaorudi. Ukipungua hata chembe, maana yake umepata njia nyingine, na njia hiyo huenda ikawa mwili wa mtu, kwa hiyo kinakata. Tulikuwa nacho. Lakini msimu wa mvua unyevu uliingia kwenye shimo la kupokelea mpunga, kikawa kinakata mara kumi kwa siku, na wakulima wamejipanga uani wakitutukana. Yaya alikitoa. Alisema atakirudisha mavuno yakiisha. Mavuno yaliisha, yakaja mengine, na kifaa kikabaki ndani ya boksi la viatu juu ya kabati, na mimi nililifuta vumbi boksi lile kila Ijumaa.

Siku yenyewe nilikuwa nimetumwa Kamembe asubuhi kununua kipuri cha mota ya kusugua mchele. Nikiwa huko, yaya aligundua kwamba panya wametafuna waya wa mota ya mkanda wa vikopo, ule mkanda unaoteka mpunga kutoka shimoni na kuupandisha juu. Akazima. Akatundika koti. Akashuka shimoni kuunganisha waya upya. Yote aliyafanya kama tulivyozoea, na hilo nataka lieleweke.

Nilirudi mchana mvua imeanza. Mvua ya Bugarama haijui kuanza kidogo kidogo. Uani mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai, na watu wote walikuwa wakikimbia nao mabegani, kwa sababu mpunga ukiloa umeharibika, na mtu amelima miezi mitano. Mkubwa wa ushirika alinikuta mlangoni nikijikung'uta maji, akaniambia niwashe mkanda haraka, mpunga uingie ndani. Nikaingia chumbani. Nikaangalia. Mkono wa mkanda uko chini. Koti halipo.

Niligonga ubavu wa kabati mara tatu kwa spana, kama tulivyofanya siku zote, nikapiga kelele kwamba nawasha. Mvua juu ya mabati ilikuwa imemeza kila kitu, hata mimi mwenyewe sikujisikia. Nikasimama pembeni, uso ukutani, kama nilivyofundishwa. Nikapandisha mkono.

Disjonkteri haikuruka. Taa ya kijani iliwaka. Lakini mota haikunguruma, na hapo nilibaki nimesimama kama mjinga, nikifikiri. Kama mota haigeuki, waya haujafika kwenye mota. Kama waya haujafika, kuna mtu anauunganisha. Sijui nilivuta pumzi ngapi nikiyafikiri hayo, labda nne, labda tano. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile na kila mara zinakuja tofauti. Niliuangusha mkono nikakimbia.

Alikuwa ameanguka ubavu chini ya shimo, maji yamefika kifundo cha mguu, na waya bado uko mkononi. Wanaume wanne walimtoa. Mkulima mmoja alimkandamiza kifua mpaka mwenyewe akaishiwa nguvu, akapokewa na mwingine. Kwenye zahanati muuguzi alimsikiliza kifua muda mrefu, akanitazama, akavua kile chombo masikioni. Nilijua. Nilimchukia muuguzi yule kwa kukivua taratibu hivyo.

Nilikwenda kwa mama kwa miguu. Sikutaka pikipiki, nilitaka njia iwe ndefu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, amekinga beseni maji ya mvua, anafua. Povu lilikuwa jeusi. Pembeni yake, juu ya kigoda, alikuwa amepanga vitu alivyovitoa mfukoni: bisibisi, utepe wa gundi, pipi mbili. Hakuinua kichwa.

"Angalia uchafu wa mukubwa yako," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Nilipeleka chakula, nikakuta koti imetundikwa pale ku chuma, inanuka. Bataona mutoto yangu haina mama."

Mimi nilisimama mvuani nikaelewa kila kitu mara moja, na yeye hakuelewa chochote. Alikuwa anasugua kola kwa kidole gumba. Nilimwacha asugue kola yote, Mungu anisamehe, ndipo nikamwambia kwamba yaya amekufa.

Sitaandika alivyolia. Alipoweza kuniuliza imekuwaje, jibu lilikuwa limeshatengenezwa kinywani, sijui nani alilitengeneza. Nilimwambia kabati limeharibika. Nilimwambia kwamba mkono ulikuwa chini lakini ndani umeme haukukatika, kwamba chuma kilidanganya. Jambo hilo hutokea kweli. Ndani ya disjonkteri kuna ndimi mbili za chuma zinazogusana na kuachana, na zikiungua sana huweza kuyeyuka na kushikana, mkono ukashuka zenyewe zisiachane. Yaya mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na ndiyo maana baada ya kuzima alipima kila waya kabla ya kuugusa. Ndimi za kabati letu zilikuwa nzima. Nilikisingizia chuma ambacho hakikukosa.

Ningependa kusema kwamba nilidanganya kwa ajili yake tu. Si kweli. Kama koti lisingehusika, bado mkono uliopandisha ni huu ninaoandikia.

Waliokuja kuuliza waliandika kwamba ni ajali, wakaondoka. Kwenye mashine niliwaomba watu wasitaje koti mbele ya mama, na hawakulitaja. Sijapata kuona watu wengi hivyo wakitunza neno moja. Kaburi lilichimbwa na wakulima, Wakatoliki na Waislamu wakipokezana jembe kwa sababu udongo ulikuwa tope tupu. Siku ya tatu mkubwa wa ushirika aliniletea kufuli jekundu la ghalani, mwenyewe kainamisha kichwa. Nilimtupia. Lilimpiga kifuani, likaanguka, na sijui nani aliliokota.

Baadaye mama akaanza maswali.

Alikuwa mtu asiyejua hata kubadilisha balbu. Sasa, jioni tukichambua maharage, alikuwa akiniuliza umeme unatoka wapi, unapita wapi kwanza. Nilimwambia unatoka kwenye transfoma juu ya nguzo, unaingia kwenye chuma kikubwa, halafu unagawanywa. Aliuliza kwa nini kiwe kimoja kikubwa na vingi vidogo. Nikamwambia ni ili kosa la mashine moja limalizwe na kidogo chake, zisizimike zote. Alisema hiyo ni akili nzuri. Nilifurahi, nikidhani kwamba anataka kuzungumza habari za kazi ya mwanawe, kama mtu anavyotaka kuendelea kulitaja jina.

Wiki nyingine aliuliza mbona kile kikubwa hakikukata yaya alipopigwa. Nikamweleza habari ya waya na nzi. Mama aliacha maharage.

"Sasa inalinda nini?"

"Inalinda waya, mama."

"Na muntu?"

Nikamwambia habari ya kifaa cha ndani ya boksi la viatu. Kesho yake aliuliza kiko wapi. Nikamwambia nimekirudisha, na hilo lilikuwa kweli, nilikirudisha juma lile lile la mazishi. Sasa kinakata mara kumi kwa siku msimu wa mvua, na anayetaka kutukana atukane.

Niliona kwamba maswali yanakaribia mahali nisipotaka. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo linanitia haya kuliko mengine yote. Ghalani kulikuwa na disjonkteri nzee iliyoungua zamani, kabla ya yaya kuajiriwa. Niliifungua, ndimi zake kweli zilikuwa zimeshikana, nyeusi. Nikaipeleka nyumbani nikamwonyesha mama. Nilijaribu kuzitenganisha kwa bisibisi mbele yake zikakataa. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku.

"Hii njo ilimuua?"

Nikasema ndiyo. Aliifunga ndani ya kitambaa akaiweka kabatini pamoja na koti, ambalo alikuwa amelipiga pasi. Usiku ule nililala vizuri, na hilo ni aibu pia.

Baada ya hapo hakuuliza tena kwa miezi kadhaa. Nilidhani imekwisha. Swali lake la mwisho alilitoa siku ya Jumapili tukitoka kanisani, njiani, watu wakitupita. Aliuliza kama umeme ukiwa ndani ya waya, mtu anaweza kuushika kwa meno. Nikacheka, nikamwambia hapana, mama, hatapata nafasi ya kuuachia. Akasema sawa. Tukaendelea kutembea, akanunua parachichi.

Mwaka huu mvua zilipoanza tena, fundi mpya alikuwa ameshaajiriwa. Ni kijana wa Nkungu, mpole, mkewe ana mimba. Siku moja mota ya mkanda iligoma, akazima, akaniambia anashuka shimoni. Nilikuwa nimemwambia mara elfu habari ya kufuli. Ushirika ulikuwa umesema litanunuliwa. Akavua kofia yake, akaitundika kwenye tundu la mkono.

Nilitaka kumzaba kofi. Nilikuwa hata nimeshafungua mdomo, ndipo nikamwona mama mlangoni.

Tangu msiba hakuwahi kukanyaga pale. Alikuwa na mwavuli, na mkoba wa plastiki wa soko la Kamembe, viatu vimejaa tope. Alilitazama kabati kutoka juu hadi chini, akaitazama ile kofia. Fundi alimsalimu kwa heshima, akamwita Mama. Mama akamwambia asubiri kidogo, asishuke bado. Akatoa kwenye mkoba ile disjonkteri nzee, bado imo ndani ya kitambaa, akaniwekea mikononi.

"Kamata chuma yako. Haikumuua muntu."

Alizungumza bila kupandisha sauti, akinitazama machoni, mbele ya yule kijana.

"Ile siku nilimukuta mu shimo. Nilimusalimia, akanijibu. Alikuwa anakamata waya na meno, anaondoa ganda yake, akacheka, akaniambia chakula niweke pale. Kuraa haikuwa mule. Njo nikaenda, nikatoa koti." Aliufunga mwavuli. "Nilijua ile siku ya mazishi: batu balikuwa banasema koti, bakiniona banaacha. Nilikuwa nangoja uniambie koti ilikuwa ya kazi gani. Ukaniletea chuma."

Nikasema, "Mama, ni mimi niliyewasha."

"Najua. Mimi nilitoa, weye ukapandisha." Aliuhamishia mkoba mkono wa pili. "Usinifiche tena, mutoto yangu. Nimechoka kujua peke yangu."

Nililia pale, mimi ambaye sikulia zahanati wala makaburini. Kijana wa Nkungu alitazama miguu yake. Mama hakunikumbatia, si mtu wa hivyo. Alinipangusa uso kwa upindo wa kitenge chake, kwa nguvu, kama nilipokuwa mdogo, halafu akaingiza tena mkono mkobani akatoa kufuli. Lilikuwa jipya, zito, lina ufunguo mmoja tu uliofungwa kwenye kamba ya viatu. Aliuliza linapita tundu gani. Nikamwonyesha. Akaitoa ile kofia kwanza, akaikung'uta pumba, akamvisha yule kijana kichwani.

"Hii hakuna mama atafua," alisema, na akalibana kufuli yeye mwenyewe mpaka likalia.

Alijaribu kuupandisha mkono wa kabati kwa nguvu zake zote, mara mbili. Haukupanda. Ndipo akamvalisha fundi ile kamba shingoni, akauingiza ufunguo ndani ya shati lake, akamwambia sasa ashuke.

Mvua iliongezeka. Wakulima walianza kukimbia na mpunga, na mkubwa wa ushirika akaja mlangoni kuuliza tunangoja nini. Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya kabati, mwavuli magotini. Alikaa pale saa nzima na nusu, mpunga ukiloa nje, mpaka yule kijana alipotoka shimoni.